Nani Alimnyonyesha Nani

Kazi tuliyopewa ilikuwa ndogo, na nakumbuka niliifurahia. Mhadhiri alichora ubaoni pembetatu na duara, akaviunganisha kwa mistari miwili. Pembetatu ni mwanamume, akasema, duara ni mwanamke, mistari miwili ni ndoa, na mstari mmoja unaoshuka ni mtoto. Kila mwanafunzi arudi mtaani kwake, achague nyumba chache, awachore watu wake namna hiyo. Niliutazama ule mchoro nikaona kitu kisafi, cha kukunjwa na kutiwa mkobani. Sikuona kitu kingine.

Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. Umri wangu mwingi nilikuwa nimefundisha watoto wa kike madrasa, kwanza Changamwe, ambako mume wangu alifanya kazi za bandari, kisha Timbwani, tulikohamia watoto wetu walipokuwa wakubwa. Mume wangu alipofariki, wanangu walinikalia kitako wote pamoja wakaniambia, mama, umefundisha hadi umechoka, sasa nenda nawe ukafundishwe. Nikajiandikisha kusoma shahada ya sayansi ya jamii. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa macho aliyoniachia, na kwa magoti yaliyoweza kuteremka ile njia ya feri asubuhi na kuipanda tena jioni. Sikuwa na haraka. Niliokaa nao darasani walikuwa rika la wajukuu zangu, nao walinistahi, kila mmoja kwa desturi ya kwao.

Katika masomo yote, anthropolojia ndiyo iliyonikamata. Lilikuwa somo la kuyatazama mambo uliyozaliwa ukayakuta kana kwamba umeshuka leo kutoka nchi nyingine. Kwa nini bibi harusi hufichwa. Kwa nini fulani ndiye huitwa kuosha maiti na si fulani. Nilirudi nyumbani nikiuona mtaa wangu umebadilika, na kumbe ulikuwa uleule.

Siku hiyo ya pembetatu na duara mhadhiri alituuliza kama kwetu kuna udugu wa aina ya tatu, usio wa damu wala wa ndoa. Msichana mmoja wa bara, mkaazi wa Changamwe, akasema kwao kuna wasimamizi wa ubatizo. Mimi nikainua mkono nikaeleza udugu wa kunyonya. Nikasema mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, akinyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake mara tano za kushiba, basi yule mwanamke amekuwa mama yake, na watoto wa yule mwanamke wamekuwa ndugu zake. Hawezi kumuoa yeyote kati yao, wala kuolewa naye, maisha yake yote.

Yule msichana wa Changamwe, ambaye alizoea kuniita shosho, neno la kwao la bibi, akanigeukia. "Kwa hivyo, shosho, mimi na watoto wote waliokunywa maziwa ya ng'ombe wa babu yangu ni ndugu? Ndiyo maana nakosa mchumba."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Mhadhiri hakucheka. Aliandika ubaoni neno kunyonya, akalipigia mstari. "Mama," akaniambia, "hilo ndilo nalitaka. Utuchoree na hilo, kwa rangi yake."

Nikanunua kalamu ya wino wa kijani.

Sharti nieleze desturi moja, kwa sababu bila ya hiyo hakuna kilichotokea. Zamani mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake hakukaa kimya. Alitoka akawaambia watu wa nyumba yake na wa nyumba ya mtoto: jamani, leo nimemnyonyesha mtoto wa fulani, jueni. Hata akiwa amemnyonyesha kwa kumtuliza kilio tu, alisema. Watoto hukua na kuhama, na wanaojua hufa. Kutangaza ndiko kulikokuwa daftari letu. Nilikuwa nikiwafundisha wasichana mlango huo wa fiqhi kila mwaka, nikiwasisitizia kutangaza, na kila mwaka niliona nyuso zao hazina habari. Siku hizi kuna maziwa ya kopo, waliniambia kwa macho, haya ya nini.

Jirani yangu na mimi tulikuwa tukitumia ukuta mmoja. Nyumba yake na yangu zilijengwa na ndugu wawili wa zamani kwa pamoja, na ukuta wa katikati ni mwembamba hata kikohozi hupita. Tulikuwa tukigonga. Pigo moja lilikuwa na maana ya njoo, mawili nipe chumvi. Nilimzidi miaka kumi na kitu, akiniita dada. Binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alipitia mikononi mwangu madrasa tangu hajui alifu. Huyo binti alikuwa ameposwa. Mposaji alikuwa kijana wa Kiembeni, mpole, mtu wa sala, baba yake alistaafu kiwanda cha saruji. Wajumbe wao walipokuja, nilikuwa mimi niliyekaa upande wa binti kama mkubwa wa kike. Niliuliza dini yake, kazi yake, sala zake. Baba mtu alikuwa mcheshi. Alituambia Timbwani si ugenini kwake. Alipooa mara ya kwanza alipanga huku, katika ile nyumba yenye kisima, kabla hajapata kazi Bamburi wakahamia upande ule. Mke wake huyo alikufa kijana huyu akiwa bado mdogo. Tukamrehemu marehemu, tukanywa kahawa, tukakubaliana nikaha iwe baada ya mwezi na nusu.

Sikuuliza lile swali la kunyonya. Mimi niliyelifundisha miaka yote, siku ya kuliuliza nilikaa nikasifu kaimati.

Nilianza kazi yangu ya darasani kwa bibi mkunga. Alikuwa kikongwe wa mtaa, macho yamekwisha karibu yote, na nusu ya watu wa Timbwani waliiona dunia mikononi mwake. Mhadhiri alitufundisha kumwomba mtu idhini kabla ya kumrekodi, nikamwomba. Akasema niiweke simu karibu, isije ikamsikia vibaya kwa kuwa hana meno. Nilimwendea asubuhi nne, akasema, nami nikaandika kichwa cha habari tu, nikijua sauti iko salama. Nani alimnyonyesha nani. Alikuwa akizitaja nyumba kwa mpango, upande wa kisima kwanza, kisha upande wa msikiti, kama anayetembea ndani ya kichwa chake na bakora.

Asubuhi ya pili, katikati ya maneno yake, yule binti wa jirani yangu alipiga hodi. Alileta mahamri na kadi ya mwaliko, ingawa bibi hakuweza kuisoma. Aliamkia shikamoo, akapokewa marahaba, bibi akamshika mkono akaupapasa kwa muda mrefu, akamwachilia. Mimi nilinyanyuka nikaenda jikoni kumimina chai. Niliporudi binti ameondoka, na bibi alikuwa akimaliza sentensi. Nikampa kikombe. Sikumwuliza alikuwa akisema nini.

Sasa katika kazi hii ya utafiti, kuna jambo moja ambalo wanafunzi wote hulichukia. Lazima ukae uisikilize sauti yote upya na kuiandika neno kwa neno, pamoja na kikohozi na kimya. Wenzangu walikuwa wakiruka. Mimi nimelelewa katika kunakili. Herufi moja ukiiruka umeharibu. Nikaanza kazi hiyo siku ya Jumamosi, baada ya kupiga deki, dirisha likiwa wazi na kunguru wakigombana juu ya mabati. Upande wa pili wa ukuta mafundi walikuwa wakipaka rangi kwa ajili ya harusi. Nilisikia brashi zao zikipanda na kushuka.

Nilifika mahali binti alipopiga hodi. Nilimsikia akiaga. Nilisikia kandambili zangu zikienda jikoni. Kisha sauti ya bibi, chini zaidi kuliko kawaida, akizungumza na simu kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine.

"Huyu naye. Mama yake alipopasuliwa, bibi yake alikuwa akimpeleka kwa mpangaji wa nyumba ya kisima. Asubuhi na jioni, wiki ile yote. Mwenyewe mpangaji alikuwa na mtoto wa kiume. Bibi mtu akaniambia nisiseme, mkwewe hatapenda. Mume wake yule mpangaji ndiye aliyekwenda kazi ya saruji."

Halafu kikombe kikagonga sahani, na sauti yangu mwenyewe, yenye furaha, ikasema, "Karibu chai, bibi."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilirudisha tena. Mara ya nne nikachukua kalamu, nikauchora mstari wa kijani kutoka duara la yule mke marehemu, nikauteremsha. Upande mmoja ulishuka kwa kijana wa Kiembeni, mtoto wake wa damu, kwa wino mweusi. Upande wa pili ulishuka, kwa kijani, hadi kwa binti wa jirani yangu. Kati yao nilikuwa nimekwisha kuchora, kwa mapenzi na mapema, mistari miwili ya ndoa.

Ng'ambo ya ukuta walikuwa wakicheka. Zilibaki wiki tatu.

Nilitafuta njia ya kutoka, siwezi kukana. Nilirudi kwa bibi mkunga kumwuliza zilikuwa mara ngapi. Mara nne si tano, nilijiambia. Mtoto aliyeonja akaacha si aliyeshiba. Bibi akasema labda mara tatu. Nikashusha pumzi. Nikamwuliza tena, akasema labda wiki mbili. Nikamwuliza mara ya tatu, kwa sauti ambayo hata yeye asiyeona aliiona. Akanielekezea uso wake.

"Mwanangu," akasema, "unataka nikujibu ngapi?"

 Tulikuwa tumefundishwa hilo darasani, kwamba muulizaji humlisha aulizwaye maneno bila kujua. Jawabu safi lilikuwa lile la kwanza, lililotoka lenyewe, nilipokuwa jikoni. Bibi hakumjua hata mposaji ni nani. Hakuwa na sababu ya kusema lolote isipokuwa kwamba lilikuwa hivyo.

Nilimwendea mhadhiri, nikamweleza bila kutaja mtu. Alisikiliza vizuri, ni kijana muungwana. Akaniambia tulikubaliana tangu mwanzo: yanayosikika uwandani hayarudishwi mtaani, majina hubadilishwa, na mtafiti akiondoka huacha mambo alivyoyakuta. "Mama," akasema, "ulipewa ruhusa ya kuandika. Hukupewa ruhusa ya kusema."

Nikamwendea na sheikh mmoja tuliyesoma naye zamani. Naye alisikiliza vizuri. Akasema ushahidi wa mwanamke mmoja hautoshi kuvunja nikaha ikishafungwa, hilo nalijua mimi kama yeye. Lakini hawa hawajafunga. Akaniambia, ukificha leo, ukaja kusema baadaye wana watoto, utakuwa umewafanyia nini? Nikamwuliza kama angekuja nami kwa jirani. Akasema hayo ni mambo ya kina mama, ningeyasema vizuri zaidi mwenyewe.

Wote wawili walinipa ilimu yao kwa haki. Mmoja alinifunga mdomo, mmoja aliufungua, na kila mmoja alirudi kwenye kazi zake. Nilisali istikhara nikangoja. Siku zilipita. Ukuta ulikuwa umekwisha kupakwa rangi, na harufu yake iliingia kwangu hata katika chai. Jirani alikuwa akigonga pigo moja kila jioni, nami nikienda, nikipewa vitambaa nivipime uzito, nikiulizwa kama zambarau inampendeza mtoto. Nilijibu inampendeza. 

Kwa desturi bibi harusi wetu hufundwa na somo yake, yaani kungwi, mambo ya unyumba. Lakini mambo ya dini, twahara, haki za mke na za mume, jirani aliniomba niyafundishe mimi. Nilikuwa nimeahidi siku nyingi nyuma. Basi zikiwa zimebaki siku tisa, baada ya sala ya alasiri, binti alikuja na daftari jipya na kalamu, akakaa juu ya mkeka palepale alipokaa alipokuwa mtoto. Akafungua ukurasa wa kwanza akaandika Bismillahi. Alipenda kuandika vizuri.

Nilijua siwezi kufungua mlango wa ndoa kwa kumfundisha mtu ambaye naamini ndoa hiyo si yake. Nikamwambia aiweke kalamu chini. Nikamwambia kuna jambo nimelisikia katika kazi yangu ya chuo kikuu, linalomhusu, na kwamba mama yake halijui. Nikamweleza yote kwa mpangilio: mama yake alipolazwa, bibi yake, nyumba ya kisima, mpangaji, kazi ya saruji. Nilizungumza nikitazama mkeka.

Alipokuwa na miaka kumi na moja aliuhifadhi mlango ule wa kunyonya bila ya kosa hata moja. Nilimzawadia msahafu mdogo wa mfukoni.

"Mara ngapi, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia nina sauti ya bibi mkunga. Akasema aisikie. Nikawasha simu, nikaiweka kati yetu. Alijisikia mwenyewe akipiga hodi, akiamkia, akiaga. Alimsikia bibi. Kikombe kilipogonga sahani akainua mkono, nikazima.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kisha akachukua simu yake mwenyewe akampigia mchumba wake, akamwomba kwa adabu amwulize baba yake kama anakumbuka, walipokaa nyumba ya kisima, bibi mmoja aliyekuwa akija na mtoto mchanga. Hakusema kwa nini. Tukakaa. Muadhini wa magharibi alikuwa hajaadhini bado. Nje mtu alikuwa akiburuta gari la maji. Simu ikalia. Akasikiliza, akasema haya, akaiweka juu ya daftari.

Baba mtu alikumbuka vizuri. Bibi huyo alikuwa akifika asubuhi kabla yeye hajatoka kutafuta kazi, akimwambia asitazame. Yeye alikuwa akisimama nje, kando ya kisima, mpaka mtoto ashibe. Alilikumbuka hilo kwa mapenzi. Alisema marehemu mkewe alikuwa na huruma hivyo.

Siku ya pili kijana alikuja na baba yake. Mimi niliitwa kwa pigo moja la ukuta, pigo zito. Jirani alikuwa ameambiwa na bintiye asubuhi ile. Alikaa wima kwenye kiti, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Baba mtu alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja. Alikuwa akianza sentensi na kuziacha. Kijana alitazama sakafu. Tulikuwa tumekaa hivyo binti alipotoka chumbani.

Alikuwa hakujifunga mtandio. Tangu abaleghe sikuwahi kumwona mbele ya mwanamume wa kando na unywele nje, hata mmoja. Alitembea taratibu hadi katikati ya ukumbi na nywele zake zimefungwa kwa utepe, zimepakwa mafuta, akasimama mbele ya yule kijana.

Mama yake akaruka na kanga mkononi akamtupia kichwani.

"Mama, ni kaka yangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Kuna ubaya gani?"

Mikono ya mama yake ikabaki pale pale, juu ya kichwa cha binti, juu ya kanga, haikujua ishuke wala ipande. Na kijana, ambaye sheria sasa ilimruhusu kutazama, aligeuza uso wake ukutani, kwenye ile rangi mpya, akabaki hivyo mpaka baba yake alipomshika mkono wakatoka.

Wageni walirudishwa kwa simu na kwa wajumbe. Watu waliambiwa imetokea dharura, na baada ya siku mbili mtaa wote ulijua. Jirani yangu alisema nami mara moja tu. Nilimkuta uani akianua nguo, nikataka kumpa pole.

"Mimi nilikuwa nimelala hospitalini, sijijui," akasema. "Wewe ulikuwa Changamwe. Mama mkwe wangu amekwenda nalo kaburini. Dada, ni nani aliyekutuma ulifukue?"

Ningemjibuje? Kwamba nilitumwa na mhadhiri, kwa ajili ya alama? Nikamwambia Mungu anajua. Akasema, ndiyo, Yeye alikuwa akijua tangu mwanzo na alinyamaza. Nikamwombea msamaha kwa neno hilo, na namwombea mpaka leo, kwani silioni kuwa lake. Lilikuwa la uchungu.

Baada ya hapo ukuta ulinyamaza.

Mchoro wangu niliupeleka darasani bila ya mistari ya kijani. Mhadhiri alitazama, akauliza ule udugu wa tatu uko wapi. Nikamwambia nimeuacha nyumbani. Alinitazama kidogo akaelewa, akanipa alama za waliochora damu na ndoa tu. Yule msichana wa Changamwe hakufanya mzaha siku hiyo. Alinichukulia mkoba hadi langoni bila kuniuliza.

Bibi mkunga alifariki kabla ya muhula kwisha, kwa utulivu, baada ya kufuturu. Alikuwa akifunga Sita, zile siku za baada ya Idi. Mungu amrehemu. Tulipokuwa tukimwosha niliona wanawake wawili watatu wakinitazama mimi badala ya maiti. Nilijua wanalofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nikilifikiri. Nilikuwa na asubuhi zake nne ndani ya simu. Nilikuwa nimesikiliza moja na nusu.

Ndipo mtaa uliponigawanyikia. Wako waliokuwa wakinikaribisha kwa mikono miwili ambao sasa huzungumza mambo ya bei ya unga nikiingia, na kunyamaza nikikaa. Mmoja aliwahi kuniomba niifute ile sauti, akisema ni kubonyeza tu, mara moja, na sote tutalala. Nami nilishawahi kukaa na kidole juu ya pale pa kufutia. Lakini nimefundisha umri wangu wote kwamba aliyebebeshwa ushahidi hautupi njiani, nikakirudisha kidole. Na wala sikuthubutu kuisikiliza. Niliifunga simu hiyo katika kitambaa, nikaiweka sandukuni chini ya kanga zangu za eda, nikanunua nyingine. Nimesoma, nimehitimu, namshukuru Mungu. Cheti kiko ukutani. Kila ninapoambiwa kuna posa mtaani, macho yangu huenda kwenye sanduku.

Binti bado ni mwalimu. Tukikutana huniamkia shikamoo Mwalimu, kwa heshima ileile, na hupita. Nasikia yule kijana humpelekea salamu za Idi, na kwamba huziandika "Kwa dada yangu."

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nikichambua mchele. Nikasikia ukuta. Pigo moja.

Nilidhani ni panya, au masikio yangu. Nikangoja. Likaja tena, pigo moja, lilelile.

Sikwenda mimi. Kabla sijasimama alikuwa ameshafika mlangoni kwangu, hakupiga hodi, na hajavuka kizingiti hicho kwa miaka mitatu. Alikaa juu ya mkeka. Aliniambia mdogo wake yule binti ameposwa. Mposaji ni mtoto wa mtaa huuhuu, upande wa msikiti, nyumba ya tatu. Bibi wa kijana na mama mkwe wake yeye walikuwa mashoga, wakiachiana wajukuu kutwa mmoja akienda shamba. Wote wawili wamekufa. Hakuna wa kuulizwa.

Nikamwambia yamkini hakuna kitu. Wengi walioachiwa watoto waliwapa uji tu.

"Unajua nimekuja kwa nini, dada," akasema.

Nilikwenda nikafungua sanduku. Simu ilikuwa imekufa. Nikaitia chaji, tukaingoja, mimi na yeye, tukitazama ile taa yake ndogo nyekundu. Ilipowaka nikatafuta asubuhi ya tatu. Nilipokawia kubonyeza, akanishika kifundo cha mkono, si kwa upole.

"Washa," akasema.

Kukaja mvumo, kisha kunguru wa asubuhi ile, kisha bibi mkunga akakohoa. Akaomba niisogeze simu karibu. Tukamsikia akivuta pumzi, akaanza na upande wa msikiti, nyumba ya kwanza.